Mkono Kwenye Programu ya Mazishi

Wiki jana niliwaacha Jumatatu asubuhi, mlango wa duka ukifunguliwa kwa teke. Leo nitawaambia ni nani aliyelipiga lile teke, na kwa nini nilistahili mimi kupigwa badala ya mlango.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungia nyama buchari, nitarudia kwa ufupi. Jina langu ni Kingori. Nina miaka thelathini na saba, sina mke, na kazi yangu ni kuchapisha programu za mazishi katika duka la Mama Chandrika, mjini Nyeri. Ukizikwa popote kuanzia Mukurweini hadi Kieni, huenda ni mimi niliyekupangia picha.

Ugonjwa wangu ni komiki, zile hadithi za picha. Tembea Nyeri nzima, hutapata duka la kukuuzia hata moja. Kuna vitabu vya shule, Biblia na kalenda. Mara ya mwisho nilipouliza, muuzaji alitaka kujua mtoto wangu yuko darasa la ngapi. Nikasema la nne. Sina mtoto.

Ndiyo maana nilipopata lile kundi la WhatsApp nilihisi nimefika nyumbani. Tulikuwa watu kumi na wawili: wa Nanyuki, Karatina, Kerugoya, Embu hadi Chuka. Sheria zilikuwa tatu. Hakuna jina la kweli, hakuna kuonyesha uso, hakuna kutuma sauti. Hata vifurushi tulitumiana kwa majina ya kubandika. Mimi huko naitwa Stepla.

Na kulikuwa na Kifutio, aliyenifundisha kuchora. Nilidhani ni kijana aliyemaliza chuo akakosa kazi, kwa sababu alikuwa hewani kutwa nzima. Kila nilichotuma alijibu neno moja tu: Futa.

Hadithi yangu inamhusu mwanamke anayeitwa Bi Ukungu, anayeruka juu ya mashamba ya kahawa amevaa gambuti. Katika picha kubwa ya katikati anaanguka kutoka angani, kichwa chini, na mkono wa mtu unatokea ardhini ili umdake. Huo mkono ulinitoa jasho.

"Huyu ni mtu anaomba chapati," Kifutio aliandika. "Futa."

Nilifuta mara tano. Mara ya sita akanitumia picha ya mkono wake mwenyewe juu ya meza, kidole cha mwisho kimepinda kwa nje kama ndoana. "Chora huu," akasema. Nikauchora. Akakaa saa nzima, kisha akaandika: "Sasa huyu anadaka mtu." Sikuwahi kusifiwa na mwalimu yeyote maishani mwangu. Nilijifungia choo cha duka nikalia.

Siku hiyo hiyo aliandika mbele ya kundi zima: "Niko na boksi ya mabuku ya shule. Nimechora ndani miaka arobaini na hakuna mtu ameona. Nikichoka, hiyo boksi ni ya Stepla." Halafu akanitaka nimchapishie ile picha ya katikati kwenye karatasi ya kung'aa, aishike mkononi. "Kesho nitakwambia utume wapi."

Kesho haikufika. Kifutio alinyamaza siku kumi na moja.

Ndani ya kimya hicho, Alhamisi mchana, nilichapisha nakala kumi na mbili za komiki yangu kwa mashine ya Mama Chandrika bila kumwambia. Mchana huo huo nilikuwa nachapisha programu mia tatu za mazishi ya Mwalimu Simeon Wahome wa Giakanja. Karatasi ni ile ile ya kung'aa, kipimo ni kile kile. Pale dukani karatasi za rangi tunazilaza kifudifudi ili wino usichafuke. Nilibeba zangu kumi na mbili bila kuzigeuza, nikazibana ndani ya komiki zikiwa bado kifudifudi, nikawatumia wenzangu wa kundi. Hapo ndipo tulipofikia.

Sasa turudi kwenye teke.

Aliyeingia alikuwa Mutahi, kifungua mimba wa Mwalimu Simeon, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya wiki nzima bila usingizi. Alitupa programu juu ya kaunta.

"Nani hapa alichapisha ya baba yangu?"

Mama Chandrika alivua miwani. Amezaliwa Nyeri, baba yake alizaliwa Nyeri, na Kikuyu chake kinanishinda mimi. Hajui kutetemeshwa na kelele.

"Pole sana kwa msiba, Mutahi. Kaa kwanza."

"Sikai! Fungua katikati."

Akafungua. Sikuhitaji kuchungulia. Niliona gambuti za Bi Ukungu zikielekea mbinguni.

"Nimesimama mbele ya watu nasoma historia ya baba," Mutahi akasema. "Nikaambia familia sasa fungueni picha. Tata, dada yake baba, akapiga nduru! Kufungua, ni mwanamke ameanguka kichwa chini, na mkono inatoka kwa udongo. Kwa udongo, Mama! Na kaburi iko wazi hapo mbele yetu!"

"Ngai, Mungu wangu," alisema Anita, mwenzangu wa kazi, aliyekuwa amesimama karibu nami.

"Ziko ngapi hivi?" Mama Chandrika akauliza.

"Kumi na mbili. Na zote zilienda hema ya familia. Wale wengine wote huko nje wako na picha ya baba."

Bila shaka. Nilikuwa nimeziacha juu kabisa ya rundo, nazo zikapakiwa juu kabisa ya katoni. Wagawaji huanzia hema la familia. Katika watu mia tatu, mkono wangu ulichagua kuwasalimia wafiwa peke yao.

"Saa hii kanisani wanaulizana ati sisi tunaabudu nini," Mutahi akaendelea, sauti ikimkatika. "Baba alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini."

Mama Chandrika aligeuka. "Nani alikunja?"

"Ni mimi, Mama," Anita akasema. "Lakini hii picha siijui."

"Ulikunja bila kuangalia?"

Nani huangalia? Ukikunja mia tatu, vidole ndivyo hufanya kazi.

"Kingori. Hii kitu ni ya nani?"

Wasomaji wangu, nimekuwa nikiwaomba mnihurumie tangu sehemu ya kwanza. Hapa msinihurumie. Kinywa kilikuwa changu, na ulimi ulikuwa wangu.

"Kuna mteja alileta kwa flashi," nikasema. "Akachapisha akaenda. Hata jina hakuacha."

Anita alinitazama. Ameniona mara nyingi saa ya chakula nimejificha nyuma ya mashine ya fotokopi, nachora gambuti. Alijua ni zangu. Alinitazama, kisha akaangalia sakafu.

"Anita, nenda nyumbani," Mama Chandrika akasema. "Ijumaa nitaamua kama unarudi."

"Na mimi nitafuta wakili," Mutahi akasema. "Huyo mchoraji nikimpata, atanijua."

Anita alichukua sweta yake na kibeti. Analea watoto wawili wa dada yake, na hakuna mshahara mwingine unaoingia katika ile nyumba. Alipopita karibu nami alisimama.

"Kingori, uko sawa? Unatoka jasho."

Nikamwambia niko sawa.

Jumanne nilikuwa peke yangu mashineni. Simu ikatetemeka. Alikuwa Soksi, mwenzetu wa Nanyuki, kwenye kundi.

"Stepla, hii ni nini sasa? Nimefungua komiki yako, katikati nimepata mzee akikata keki."

Chini yake kulikuwa na picha. Wengine wakaanza kucheka na kutuma zao. Kila mmoja alikuwa amepokea Bi Ukungu aliye na familia ya Mwalimu Simeon tumboni. Mimi sikuwa nimeifungua yangu, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitaifungua kabla Kifutio hajafungua yake.

Niliivuta ile picha karibu ili nione kama ilikuwa imebanwa vizuri. Nia yangu haikuwa zaidi ya hiyo. Ilikuwa sherehe ya miaka hamsini ya ndoa. Mzee ameshika kisu cha keki, mkewe ameushika mkono wake, wote wanacheka.

Kidole cha mwisho cha mzee kilikuwa kimepinda kwa nje.

Niliweka simu mezani. Nikaichukua tena. Nikatafuta ule mkono ambao Kifutio alinitumia, nikauweka kando ya huu. Nilitazama kidole, nikatazama kidole, hadi nikashindwa kuona.

Picha ile niliipanga mimi mwenyewe. Niliikata ukingoni ili bibi arusi wa miaka hamsini atoshee, na mkono sikuuona. Mkono niliouchora mara sita!

Nilikimbilia msumari ambapo tunachomeka karatasi za wateja. Historia ya marehemu ilikuwa bado pale, imeandikwa kwa kalamu na mjane wake kwa mwandiko wa kusimama wima. Mwishoni kulikuwa na mistari mitatu niliyoipiga mkwaju mwekundu kwa sababu ilizidi ukurasa.

"Miaka yake ya mwisho Mwalimu alipata marafiki wadogo kwa simu. Alikuwa anawafundisha kuchora. Alicheka sana nao."

Sisi watu wa programu hatusomi. Tunahesabu mistari. Nilimzika Kifutio bila kujua, nikaifuta mistari yake mitatu, na mimi nikiwa ndani yake.

Nililia nikiwa nimeegemea mashine, na mteja aliyeingia kutaka picha ya pasipoti alitoka polepole bila kuuliza.

Baadaye niliwaandikia wenzangu. "Kifutio ametutoka. Alikuwa mwalimu mstaafu. Amezikwa Jumamosi." Kicheko chote kikakatika. Watu wazima ambao hawajawahi kuambiana majina waliombolezana hapo hadi giza likaingia. Watatu wakauliza kwao ni wapi, wakampe mjane wake pole. Nikajibu: Giakanja, karibu na soko, uliza kwa Mama Mutahi.

Jambo moja sikuwaambia, nalo ni kuhusu Anita.

Jumatano nilienda hadi meza ya Mama Chandrika mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na simu. Mara ya pili alikuwa na mteja wa kadi za harusi. Mara ya tatu hakuwa na mtu, aliniangalia akasema, "Ndiyo, Kingori?" Nikamuuliza kama tuagize wino mwekundu.

Nilijua hesabu yake. Nikisema, nitapoteza kazi, Mutahi atanipeleka kwa wakili, na mji mzima utajua yule mwanaume mzima wa picha za watoto ni nani. Nikinyamaza, ni Anita. Nikajiambia, kesho.

Alhamisi saa tano Anita alikuja. Alikuwa amechoka kungoja Ijumaa akiwa nyumbani, akataka kumwomba Mama Chandrika mwenyewe. Hata hajamaliza salamu, mlango ukafunguliwa taratibu, akaingia mama mzee wa kitambaa cheupe kichwani. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa leso safi.

Nilimjua kwa picha ya keki.

Mama Chandrika alisimama na kuzunguka kaunta, akamshika mikono yote miwili. "Mama Mutahi. Sijui hata nikuambie nini. Tumekukosea."

"Nimesikia kuna msichana amefukuzwa juu ya hii," Mama Mutahi akasema, akifungua leso. Ndani yake kulikuwa na programu.

"Ndiye huyu," Mama Chandrika akasema, akimwonyesha Anita.

Mama Mutahi alimgeukia Anita, akamtazama vizuri. "Mrudishe kazi. Mimi hii picha haikunikosea. Vile nilifungua nikaona mkono wa Mzee, nilijua ananiaga."

"Mkono wa Mzee?" Mama Chandrika akauliza.

"Hii. Angalia kidole. Alivunjika akiwa kijana kwa mashine ya kusaga kahawa." Aliigusa picha yangu kwa ncha ya kidole. "Mutahi anasema ni aibu. Lakini Mutahi si yeye alikuwa anamkata kucha. Ni mimi."

Anita alianza kulia. Mama Chandrika naye alitafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Na mimi niliyekuwa nimesema kesho, kesho, niliona kwamba kesho imefika na imekuja na leso.

"Mama, ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka.

"Ni mimi nilichora. Hakuna mteja wa flashi. Nilichapisha zangu kwa mashine ya duka, nikazichanganya na za Mwalimu. Anita hana makosa hata moja. Mama, Mwalimu ndiye alikuwa ananifundisha kwa simu. Mimi ndiye Stepla."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi. Lakini Mama Mutahi alinitazama kwa huruma, na ile huruma ikanitisha kuliko kofi.

"Kijana yangu, uko na roho nzuri," akasema. "Lakini usijisingizie juu ya huyu msichana. Stepla alikuja kwangu jana."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Alikuja nani?"

"Stepla. Saa nne hivi. Kijana mpole sana. Alikunywa chai, akalia, akaniambia tuombe. Akanionyesha kwa simu vile walikuwa wanaongea na Mzee."

"Mama, hayo maneno sisi wote tuko nayo! Kila mtu wa kundi!"

"Nikampa boksi," akasema. "Mabuku yote, vile Mzee aliniambia."

Miaka arobaini ya Kifutio. Ilikuwa Giakanja hadi jana saa nne, na jana saa nne mimi nilikuwa naulizia wino mwekundu. Kama ningesema ukweli Jumatatu, au Jumanne nilipoona kile kidole, ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti nikinywa ile chai.

"Kingori." Sauti ya Mama Chandrika ilikuwa baridi. "Jumatatu ulisema ni mteja. Leo ni wewe. Unadanganya mpaka mbele ya mjane?"

"Mama Chandrika, Jumatatu ndiyo nilidanganya."

"Na nitajuaje ni gani?"

Uongo wangu wa siku nne ulikuwa umeumeza ukweli wangu wa dakika moja.

Ni Anita aliyeokota penseli. Aliiweka mbele yangu pamoja na programu moja iliyoharibika, upande mweupe juu. "Chora," akanong'ona. "Chora huo mkono, waone."

Nikashika penseli. Mkono wa Kifutio ningeweza kuuchora nikiwa usingizini. Lakini Mama Chandrika alikuwa amesimama bega langu la kulia, mjane amesimama la kushoto, na vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka hadi penseli inagonga kaunta. Kiganja kikatoka kikubwa mno. Vidole vikatoka vinene, vimekusanyika pamoja. Nilijaribu kukipinda kile kidole cha mwisho nikakivunja kabisa. Nilipoinua penseli niliona nimerudi kwenye mkono wa kwanza kabisa, ule wa miezi mingi iliyopita, kosa kwa kosa.

Mama Chandrika alichungulia akapumua kwa nguvu. "Hata mtoto wa nasari, Kingori."

Nikanyoosha mkono niikunje ile karatasi, niitupe, nichukue sweta yangu niende. Mama Mutahi akaiwahi.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Huyu," akasema polepole, "ni mtu anaomba chapati."

Mama Chandrika alisogea akaichungulia tena.

"Mzee alikuwa ananisomea tukikula," akasema. "Karibu kila siku. Ati, 'Mama Mutahi, Stepla ametuma ingine ya chapati.' Anacheka mpaka anakohoa, mpaka nampiga mgongo." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Aliinua uso, akanitazama kana kwamba ndipo naingia mlangoni. "Ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

Alinishika mkono wa kuchorea, akaubana. Kisha nikauona uso wake ukibadilika. Furaha ilitoka, na kitu kingine kikaingia pole pole, naye akashikilia kaunta asianguke.

"Basi yule wa jana," akauliza, "nimempa mabuku ya mume wangu ni nani?"

Anita aliniangalia. Mama Chandrika aliniangalia. Nje ya duka lile, jina la Stepla lilijulikana na watu kumi tu duniani, wenzangu wa kundi waliobaki, na sijawahi kuona uso wa hata mmoja wao.